Presha ya kabini au turbo: tuliyojifunza Wilson tukitafuta ndege ya injini mbili

Mtu akishapata hela ya ndege ndogo ya injini mbili hapa Nairobi, swali la kwanza analoulizwa pale uwanja wa ndege wa Wilson ni lile lile: unachukua ya presha au isiyo na presha? Yaani ndege ambayo kabini yake hujazwa hewa ili abiria wapumue vizuri ikiwa juu sana, au ile ambayo hewa ya ndani ni sawa na ya nje. Sisi washirika watatu tuliingia sokoni na swali hilo. Tulipomaliza, mpangilio wa maswali ulikuwa umegeuka kabisa, na ndio nitakaoufuata hapa, kwa sababu bado naona watu wakimaliza akiba zao kwenye swali la pili kabla hawajajibu la kwanza.

La kwanza ni turbo, yaani kifaa kinachoishindilia injini hewa ili isipoteze nguvu ikiwa juu. Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Alasiri ya Februari, joto likifika nyuzi 26, hewa ya pale huwa nyepesi kiasi kwamba kwa bawa na kwa injini ni sawa na kuwa futi 8,000. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ile iliyoandikwa nguvu za farasi 300 inakupa kama 225 tu unapoachia breki. Injini zote mbili zikiwa nzima, utaruka bila shida kubwa. Shida ni moja ikizima. Fungua kitabu cha ndege utafute kikomo cha injini moja, yaani kimo ambacho ndege iliyojaa bado inapanda futi 50 kwa dakika ikiwa imebaki na injini moja. Beechcraft Baron 58 ni kama futi 7,300. Cessna 310R ni kama 7,400. Sasa weka namba hizo kando ya zile futi 8,000 za alasiri. Ndege iliyojaa ikipoteza injini baada ya kuondoka Wilson saa nane mchana haipandi tena. Inakupa dakika chache za kuchagua kati ya mapaa ya Nairobi West na nyasi za mbuga.

Piper Seneca II ina nguvu za farasi 200 tu kila upande, tena si ndege inayomvutia mtu kwa sura. Lakini ina turbo, na kikomo chake cha injini moja ni kama futi 13,400. Cessna 340A, ambayo ina turbo na presha, hufika kama 15,800. Kumbuka namba hizi zilipatikana ndege ikiwa mpya, propela ya injini iliyokufa ikiwa imelazwa ielekeze makali yake kwenye upepo isiburute, na usukani ukiwa mikononi mwa rubani wa majaribio. Ndege ya miaka arobaini ipunguzie. Hata ukipunguza, tofauti inabaki kubwa mno.

Kinachochanganya wanunuzi ni kwamba karibu ndege zote ndogo za presha zenye injini za pistoni zina turbo, maana hewa ya kabini inachotwa huko huko kwenye turbo. Basi mtu anapanda ndege ya presha, anaona inavyokwea kutoka Wilson, anaamini ni presha iliyofanya kazi. Ukoo wa Baron unaonyesha jambo hili waziwazi: 58 haina turbo wala presha, 58TC ina turbo bila presha, 58P ina vyote viwili. Kwa Nairobi, hatua kubwa ni ile ya kutoka 58 hadi 58TC. Hatua ya kutoka 58TC hadi 58P ni jambo la safari zako na abiria wako, na linahitaji hesabu yake pekee.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Hewa hutoka kwenye kompresa ya turbo, hupita kwenye venturi inayobana mtiririko wake, hupozwa, huingia kabini, kisha hutoka polepole kupitia vali iliyo nyuma. Nguvu ya kabini, yaani tofauti ya presha inayoweza kubeba kati ya ndani na nje, hupimwa kwa psi, pauni kwa inchi mraba. Cessna 340 inabeba psi 4.2, kwa hiyo ukiwa futi 20,000 nje, ndani ni kama uko futi 8,000. Baron 58P za mwanzo zina 3.7, na hapo hapo futi 20,000 ndani itasoma zaidi kidogo ya 9,000. Cessna P337 ina 3.35 na ndani itakuwa 10,000. Muuzaji akisema tu “ina presha”, muulize psi ngapi.

Mtu wa Nairobi analala, anaamka na kupanda ngazi za ofisini akiwa futi 5,500. Kabini ya futi 8,000 kwake ni mahali palipo juu kidogo kuliko Limuru. Hata futi 10,000 au 11,000 kwa saa moja na nusu, mtu mzima mwenye afya atahisi uchovu kidogo tu akifika. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinadai oksijeni kwa marubani na sehemu ya abiria pale kabini inapokaa kati ya futi 10,000 na 13,000 kwa zaidi ya dakika 30, na kwa kila mtu ikizidi 13,000. Kwa hiyo swali halisi ni hili: ni mara ngapi safari zako zitakulazimisha kukaa juu ya futi 13,000?

Tulichora ramani. Keekorok kule Mara ni kilomita kama 170, unavuka ukingo wa Bonde la Ufa na kuanza kushuka kabla kabini ya presha haijapata kazi ya maana. Mombasa ni kilomita kama 435. Kwa hesabu ya karatasi, Seneca ikiwa futi 11,000 inafika kwa saa moja na nusu hivi, na 340 ikiwa futi 19,000 inaokoa kama robo saa, ikichoma mafuta zaidi. Lodwar ni kama kilomita 510, na njiani kuna Aberdare yenye kilele cha mita 4,001, lakini inazungukwa bila taabu. Mlima Kenya na Kilimanjaro huvuki juu yake kwa ndege ya namna hii, unapita kando. Juba, kama kilomita 900, ndiko presha inapoanza kujilipa: safari ni ndefu, mawingu ni marefu, na abiria huenda wanaelekea kwenye mkutano. Angalia pia safari za watalii zinazoondoka Wilson kila asubuhi: zimejaa Cessna Caravan, ndege isiyo na presha kabisa. Waendeshaji wale wanajua hesabu za njia zao.

Mvua ndiyo hoja inayotolewa sana na wapenda presha: utapita juu ya hali mbaya ya hewa. Mawingu ya radi ya Aprili hapa kwetu hupanda futi 40,000 na zaidi. Hakuna ndege ya pistoni itakayoyapita juu. Tena kwenye ukanda wetu wa Ikweta maji huanza kuganda karibu futi 15,000 hadi 16,000. Ndege isiyo na presha ikienda futi 11,000 inakaa chini ya barafu. Ya presha ikienda 18,000 inakaa ndani yake hasa, unyevu ukiwa mwingi. Kwa hiyo ukinunua presha, umenunua pia wajibu wa kutunza mipira ya kuvunjia barafu kwenye mabawa, joto la propela na la kioo cha mbele. Tuliona ndege nyingi ambazo mipira hiyo imepigwa viraka kwa sababu ya kokoto za viwanja vya murramu, na mwenye ndege akasema hapa Afrika barafu haipo.

Hoja iliyotugusa zaidi ilitoka kwa mshirika mmoja ambaye mama yake mzee, mwenye mapafu dhaifu, anaishi Mombasa. Alitaka presha kwa ajili yake, na kikao kile kilikuwa kizito kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anapima afya ya mzazi wa mwenzake kwa shilingi. Tulikwenda kwa daktari. Ushauri wake ulikuwa kwamba mgonjwa wa aina ile anahitaji oksijeni hata kwenye kabini ya futi 8,000, kwa kiwango kilichoandikwa, huku kipimo cha kidoleni, kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, kikiangaliwa njia nzima. Ukibeba wagonjwa mara kwa mara, mambo hubadilika. Hewa iliyonaswa kifuani, kichwani au ndani ya jicho hutanuka kadiri unavyopanda. Kutoka Nairobi hadi futi 10,000 ni karibu asilimia 19. Huduma ya ndege ya AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, hutumia ndege za presha, na kwa kazi ile presha ni sehemu ya matibabu.

Kisha uzito. Ulinganisho mzuri ni Cessna 402C na 414A, kwa kuwa zina bawa la namna moja, mafuta ya kiasi kile kile cha galoni 206 za kutumika, na injini za ukoo mmoja. 402C haina presha na inaruhusiwa kuruka na pauni 6,850. 414A ina presha, ina pauni 6,750, na yenyewe tupu ni nzito zaidi: bodi nene, madirisha ya tabaka mbili, mabomba, vali. Kwenye karatasi za uzito tulizopewa, tofauti ya mzigo ilikuwa sawa na abiria wawili na mabegi yao. Kwa 340 ni vibaya zaidi. Ukijaza matangi, viti vilivyobaki vyenye watu mara nyingi ni vitatu, ingawa tangazo linasema viti sita. Dai karatasi ya uzito ya ndege yenyewe, iliyopimwa kwenye mizani karibuni, wala usikubali ile ya kitabu.

Hata hivyo hatukuzitupa za presha. Tulizikagua kwa makini, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nasi kidogo.

Jaribio la kwanza ni la angani na halihitaji zana yoyote. Panda futi 18,000 au 19,000, acha kabini itulie, andika kimo chake. Cessna za presha zina vishikio viwili, kimoja kwa kila injini, vya kumwaga nje hewa ya upande huo ikiwa imechafuka. Vuta cha kulia, subiri, tazama sindano ya kabini. Rudisha, vuta cha kushoto. Kabini yenye afya inapaswa kushikilia, au kupanda taratibu sana, kwa hewa ya injini moja. Kwenye ndege moja tuliyoijaribu juu ya Magadi, kimo cha kabini kilianza kupanda futi 700 kwa dakika mara hewa ya kulia ilipofungwa. Hiyo ilimaanisha kwamba injini ya kulia ndiyo iliyokuwa ikiificha mivujo yote, na siku ingezimika juu kule, marubani wangepoteza injini na hewa kwa pamoja.

Jaribio la pili ni la hangani. Fundi huunganisha mashine ya kupuliza, hufunga mlango, huijaza kabini kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo, kisha wengine huzunguka nje na brashi na maji ya sabuni. Povu linasema kweli kuliko muuzaji. Lilitoka kwenye kona ya chini ya mlango, ambapo raba ilikuwa imekauka na kupasuka kwa jua. Lilitoka pale nyaya za usukani zinapopenya ukuta wa presha. Na pa ajabu zaidi, lilichemka kuzunguka antena mpya ya GPS: fundi wa redio alitoboa bodi, akapitisha waya, hakuziba. Raba ya mlango ni gharama ya kawaida. Ndege iliyotobolewa ovyo kwa miaka mingi na watu mbalimbali ni jambo lingine, maana kila tundu ni utafutaji wa saa kadhaa, viti na zulia vikiwa nje.

Vali ya kutolea hewa na ile ya usalama huwa nyuma ya kabini, na vumbi letu ndilo adui wao. Ikinata, kabini hupanda na kushuka kwa mirindimo na masikio ya abiria yatakuambia. Uliza vichujio vyake vilibadilishwa lini. Logbuku, kitabu cha kumbukumbu za matengenezo, ikiwa kimya, jibu umelipata. Madirisha yakague kwa tochi iliyolazwa pembeni ya kioo, si kwa kutazama moja kwa moja, ndipo utaona nyufa nyembamba kama nywele. Yana vikomo vya kina cha mkwaruzo, na anayeyasugua kwa petroli au sabuni yenye amonia anayaua. Ndege iliyokaa pwani iinuliwe sakafu: unyevu hukusanyika chini ya kabini ya presha, na kutu huanzia pale usipopaona.

Bomba la moshi ni habari ya turbo yoyote, yenye presha au isiyo nayo. Kwa Cessna za turbo za mfululizo wa 300 na 400 kuna agizo la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba AD 2000-01-16, linalotaka ukaguzi wa mabomba kila saa 50 za kuruka pamoja na kufungua na kubadilisha sehemu kwa vipindi. Bomba likipasuka nyuma ya injini, moto unaelekea kwenye ukuta na mirija ya mafuta. Logbuku isiyoonyesha agizo hilo mstari kwa mstari, funga kitabu uondoke, hata kama viti ni vya ngozi. Nasema hivyo kwa sababu Cessna 421 ina kabini ambayo ukishaikalia unaanza kuwaza familia yako yote imo ndani, na mmoja wetu alishaanza. Injini zake za GTSIO-520 zina gia, zinataka rubani mwenye mkono laini, na huchoma kama lita 150 za avgas, petroli ya ndege, kwa saa zote mbili pamoja. 340 ni lita 120 hadi 135. Seneca ni kama 85 hadi 90. Avgas unaipata Wilson. Ukienda mbali na Nairobi, mara nyingi ni Jet A-1 tu, mafuta ya ndege za jeti, iliyopo, au mapipa uliyotanguliza mwenyewe na kuyachuja unapomimina. Injini za TSIO-520, kama za 340 na 414A, hufunguliwa kabisa kwa saa 1,400 hadi 1,600, na mara nyingi silinda hazifiki huko, hasa mikononi mwa anayeondoa nguvu ghafla wakati wa kushuka.

Fundi wa ukaguzi awe wako, asiwe wa muuzaji, na kituo chake kiwe na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa aina hiyo hiyo ya ndege. Ongea na kampuni ya bima kabla ya kulipa amana, maana ndege za presha hudaiwa rubani mwenye saa na mafunzo ya aina hiyo, na sharti hilo peke yake laweza kukuacha na ndege isiyoruhusiwa kuruka na wewe.

Ukiamua presha, kuna jambo la Wilson la kulishika. Ndege nyingi zina kidhibiti unachokiwekea kimo cha uwanja unaotua. Ukitoka Mombasa na kukisahau kwenye usawa wa bahari, utagusa lami ya Wilson kabini ikiwa na karibu psi 2.7 zaidi ya nje. Mlango wenye eneo la inchi mraba 1,000 utakuwa unasukumwa na zaidi ya kilo 1,200, na atakayegeuza kishikio atarushwa nao. Sindano ya tofauti ya presha isome sifuri kabla ya kugusa chini. Baadhi ya Cessna 340 na 414 za mwanzo zina kidhibiti kisichorekebishwa, kinachoanza kazi futi 8,000. Hicho hakina hatari hiyo hapa Nairobi, ila ukishuka Mombasa kabini inashuka futi 8,000 zote kwa mwendo wa ndege, kwa hiyo nenda futi 500 kwa dakika na anza mapema. Na kwa yoyote yenye presha, usiondoe nguvu za injini kabisa ukiwa juu. Turbo ikilala, hewa ya kabini nayo inakatika.

Sisi tulichukua turbo isiyo na presha, na tukaweka sehemu ya hela iliyobaki kwenye akiba ya injini na kwenye oksijeni. Angekuwa mtu wa Juba kila wiki, ningemshauri 414A au 340A iliyopita majaribio yale mawili. Kwa Mara, Lamu, Mombasa na Lodwar, hapana. Seneca II ina tabia yake ya kuangalia: turbo yake haijidhibiti kikamilifu, na mkono uliozoea kusukuma nguvu pale Wilson, ukifanya vivyo hivyo Mombasa, unavuka inchi 40 za shinikizo la kuingia injini kabla hujatazama sindano. Sukuma polepole, simamia inchi 38, ndipo umalizie.

Chupa ya oksijeni kagua muhuri wa tarehe kwenye shingo yake kabla ya kununua ndege: za chuma chepesi, zenye alama 3HT, hupimwa kwa maji kila miaka 3 na hutupwa zikifika 24, za 3AA hupimwa kila miaka 5. Ijazwe oksijeni ya anga, iliyo kavu. Mirija ya puani inatosha hadi futi 18,000, zaidi ya hapo ni barakoa. Kila abiria apewe kipimo cha kidoleni, na kikisoma chini ya 90 mwongezee hewa au ushuke.